Ua wa Safari Kitwana

Safari Kitwana alikuwa fundi baiskeli. Alikaa katika nyumba ya marehemu babu yake upande wa Gerezani, hatua chache kutoka mahali walipokuwa wanajenga soko jipya la Kariakoo. Mbele ya nyumba kulikuwa na kazi yake: beseni la maji la kutafutia matundu ya mipira, pampu, na baiskeli zilizogeuzwa magurudumu juu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua wa mabati, na ndani ya ua huo, mwaka ninaouzungumzia, kulikuwa na mbwa kumi na mmoja.

Wanaomkumbuka siku hizi wanamkumbuka kwa kucheka tu. Yule Mswahili wa mbwa, wanasema. Mimi sikumcheka. Kwa muda wa karibu mwaka mzima nilimwonea wivu, wivu wa kumfanya mtu aache ugali wake sahanini ukapoa. Kwa hiyo nadhani namjua kuliko waliomcheka, maana mtu unayemwonea wivu humwangalii kwa jicho moja.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mikono mipana, na sauti iliyofika mtaa wa pili. Alikuwa Mwislamu wa kuswali swala tano. Mbwa kwa watu wake ni najisi, akikugusa kwa mate unaosha mara saba, na moja ya hizo kwa udongo. Safari aliyajua hayo kuliko waliomkumbusha. Alikuwa na shati na suruali ya kaki zilizotundikwa kwenye msumari mlangoni pa ua, hizo ndizo nguo za mbwa. Pembeni alikuwa na kopo la udongo msafi na debe la maji. Akitoka kwa mbwa alivua kaki, akaosha mikono mara saba akihesabu kwa sauti, akaoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini. Kila siku, bila kuruka.

Kinyozi wa jirani alipenda kumpigia kelele akipita. "Safari! Leo umeosha mara ngapi?"

"Saba. Na wewe huo mdomo umeuosha mara ngapi?"

Wateja wa kinyozi waliangua kicheko mpaka wembe ukasimama hewani. Mimi jibu kama hilo lingenijia baada ya siku tatu, nikiwa peke yangu.

Habari ya mbwa wake wa kwanza nilisimuliwa na dada yake mkubwa, Bi Zamda, aliyekaa naye nyumba moja. Ilikuwa mwaka sabini na moja, majumba makubwa ya kupangisha yalipotaifishwa. Familia nyingine za Kihindi ziliondoka nchini upesi, na wako walioacha vitu ambavyo haviingii kwenye sanduku. Safari alikuwa akiwatengenezea baiskeli watoto wa nyumba moja karibu na Kisutu. Siku moja alipita akakuta madirisha yamefungwa, na chini ya ngazi yupo mbwa wao, amefungwa mnyororo, bakuli limekauka. Majirani walikuwa wakimrushia mikate kwa mbali. Kila mmoja alidhani mwingine atamfungua. Safari aliutoa mkasi wa chuma kwenye mfuko wake wa kazi, akaukata mnyororo.

Bi Zamda alisimama mlangoni.

"Safari, umeleta nini?"

"Mgeni, dada."

"Mgeni gani wa miguu minne?"

"Hata meza yako ina minne, na unakula chakula juu yake."

"Huyo haingii ndani mwa nyumba ya babu!"

"Haingii. Atakaa uani."

Na kweli, hakuna mbwa aliyewahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Lakini ua ulijaa. Mwaka wa sabini na nne watu wengi walihamishiwa vijijini, wakapanda malori na masufuria yao, mbwa wakabaki wanakimbia nyuma ya lori mpaka wakachoka. Wengine walizaliwa kwenye mitaro ya ujenzi. Habari zilipoenea kwamba yuko mtu anayepokea mbwa, watu walianza kuwatupa watoto wa mbwa juu ya ukuta wake alfajiri, ndani ya magunia, kama watu wanaotupa takataka. Safari aliomba mapipa matupu ya lami kwa wajenzi wa soko, akayapasua, akayanyoosha kwa nyundo, akaupandisha ule ua ukawa mrefu kupita kichwa cha mtu.

Chakula alikitoa Feri. Alfajiri baada ya swala alipanda baiskeli hadi kwenye mnada wa samaki, akarudi na debe la vichwa na matumbo, akavipika pamoja na pumba za mahindi kwenye pipa. Harufu ilikuwa kali. Miaka ile tulikuwa tukipanga foleni ya unga, basi wako waliokasirika.

"Watu wana njaa, wewe unapikia mbwa!"

"Njoo basi ule," Safari alisema, akifunua pipa. Hakuna aliyekuja.

Hakumpa mbwa kila aliyeomba. Nilimsikia mwenyewe akimhoji fundi gari mmoja kutoka Buguruni aliyetaka mbwa mkali wa kulinda gereji.

"Atakaa wapi?"

"Nitamfunga kwenye nguzo."

"Mchana na usiku?"

"Si mbwa bwana? Kwani atakwenda wapi?"

"Basi kafunge jiwe. Jiwe halinywi maji, na wewe hutakumbuka kuweka maji."

Yule mtu aliondoka amenuna. Mimi niliyekuwa nimesimama kando nilihisi maneno yale yamenipiga mimi, maana mbwa wangu wakati huo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa kitanda changu.

Nilikuwa napima mizani kwenye duka la jumla la Isidori, mtu wa ukoo wetu kutoka Kibosho. Maharage, vitunguu, viazi. Kutwa nzima maneno yangu yalikuwa kilo na nusu kilo. Mke wangu Candida alikuwa nyumbani Kibosho na watoto, akiutunza mgomba na kahawa, kama wake wengi wa watu wetu waliokuwa kazini mjini. Nilipanga chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu, kwa Bi Mboni, nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati.

Mteja mmoja alimletea Isidori mtoto wa mbwa kwa ajili ya ghala. Isidori hakuwa na nafasi naye. "Mchukue wewe Onesphory, huna mtu," alisema. Nikamchukua. Alikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na weupe utosini, nikamwita Kibo kwa ajili ya ule mlima. Jioni nilikaa kitandani naye nikazungumza naye Kikibosho. Dar es Salaam nzima yeye peke yake ndiye aliyenisikia nikisema kwa lugha ya mama yangu. Nilimwambia mambo niliyopaswa kumwandikia Candida.

Nilidhani namtunza vizuri. Asubuhi nilimpa ugali uliobaki, nikamfunga kwa kamba ya katani, nikafunga dirisha asipige kelele, nikaenda kazini. Maji nilimwekea nilipokumbuka. Nilikuwa na mbwa, na mbwa alikuwa na mimi. Sikujua kama kuna zaidi ya hapo.

Siku moja aliitafuna kamba. Nilirudi nikakuta kipande chake sakafuni. Nilimtafuta Mchikichi, nikamtafuta Msimbazi, na kwa kuwa nilikuwa naona haya kuliita jina lake kwa nguvu barabarani, nilimtafuta kimya. Nilimkuta kwa Safari. Alikuwa amelala juu ya miguu ya Safari, kwenye kivuli cha baiskeli, kana kwamba alizaliwa hapo.

"Mangi!" Safari alinipokea. Watu wa pwani walituita hivyo Wachaga wote, uwe na duka au uwe unapima vitunguu vya mwenzio. "Karibu. Huyu ni wako?"

"Wangu."

"Alikuja na kiu. Amemaliza beseni zima, ningekuwa na mpira wa kuziba leo ningekosa maji ya kuupimia."

Alisema kwa kucheka, lakini mimi nilisikia matusi. Nilimshika Kibo shingoni nikaondoka bila kuaga.

Kesho yake alitoroka tena. Nikanunua mnyororo. Akawa analia kutwa, hadi Bi Mboni akanisubiri ukumbini.

"Mwanangu Onesphory, huyo mbwa analia kama kafiwa. Mpangaji wa chumba cha mbele ana mtoto mchanga. Mchana mpeleke kwa Safari, jioni umchukue. Safari mwenyewe kasema hana neno."

Kwa hiyo walikuwa wamekwisha kunizungumzia. Tangu siku hiyo nilimpeleka Kibo kila asubuhi, na kila jioni nilimfuata.

Hapo ndipo wivu ulipopata nyumba. Asubuhi alinivuta kwa nguvu, kamba ikanikata vidole, haraka ya kwenda. Jioni nilimwita, akainuka, akaniangalia, kisha akamwangalia Safari.

"Nenda," Safari alisema.

Ndipo akaja. Mbwa wangu alirudi nyumbani kwangu kwa amri ya mtu mwingine.

Safari alimtengenezea mkanda wa shingo kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Alimtoa kupe masikioni, mmoja mmoja, kupe ambao mimi niliwaona nikadhani ni chunjua. Jipu lililokuwa begani kwake lilipona. Manyoya yakang'aa. Kila alichomtendea ni kitu ambacho mimi sikukitenda, na kila jioni nilikiona juu ya mwili wa mbwa kama barua ya kunisema. Ule mkanda niliuvua nikautupa mtaroni. Kesho yake jioni nilimkuta ana mwingine. Safari hakuniuliza wa kwanza umekwenda wapi. Afadhali angeuliza.

Pale uani walimwita Chai, kwa rangi yake. Akaitikia. Nalo nililivumilia. Lakini jioni moja, kabla sijafika mlangoni, nilimsikia Safari akimwita kwa neno letu la Kikibosho, lile nililokuwa nikilitumia mimi peke yangu. Alilitamka vibaya, lakini Kibo alikwenda mbio.

"Nimejifunza kwako, Mangi!" akanipigia kelele aliponiona. "Nimekusikia jana ukimwita. Nimelisema sawasawa?"

"Sawasawa," nilisema.

Usiku ule usingizi ulikuwa mgumu. Mtu huyu alikuwa na mtaa mzima. Wauza vitumbua walimwita kaka, watoto walimkimbilia, wajenzi wa soko walimpa mapipa bure. Alikuwa na dada wa kumfokea na kumpakulia. Mimi nilikuwa na kitu kimoja, na hicho nacho amekifungulia mlango kikaingia chenyewe. Kama angeniibia ningemshtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Ila hakuiba, alimpa maji tu.

Halafu ikaja habari ya kichaa cha mbwa. Mtoto aliumwa na mbwa Buguruni, akafa. Gari la matangazo likapita mitaani na kipaza sauti: Jumamosi mbwa wote wapelekwe kiwanja cha Jangwani wakachanjwe. Kila mbwa atapewa kibati cha namba, na jina la mwenye mbwa litaandikwa daftarini. Baada ya hapo, mbwa atakayeonekana anazurura bila kibati atapigwa risasi.

"Mangi," Safari aliniambia jioni hiyo, "Jumamosi nakwenda na wote. Kibo nimchukue?"

"Utamwandikisha kwa jina la nani?"

"La atakayekuwa ameshika kamba. Njoo na wewe, uandikwe wewe."

Jumamosi ilikuwa siku ya kazi nyingi dukani. Ningemwomba Isidori ruhusa ya saa mbili angenipa, lakini kumwomba Isidori kitu kulikuwa kunaniwia vigumu kuliko kubeba gunia. Na ndani kabisa kulikuwa na jambo jingine. Miaka ile tuliona nyumba zikiandikwa na kuwa za wengine, maduka yakaandikwa, hata mashamba. Nilijua kitu kikishaingia kwenye daftari la serikali kwa jina la mtu, maneno yamekwisha. Ikiwa Safari ndiye atakayeshika kamba, basi mbwa ni wa Safari, na kibati kitasema hivyo mpaka Kibo anakufa.

"Nitampeleka mwenyewe," nilisema.

Jumamosi nilimfunga Kibo mnyororo chumbani, nikaenda kazini.

Nikiwa kwenye mizani niliwaona wakipita Mtaa wa Msimbazi. Safari mbele na kaki yake, mbwa sita mkono wa kulia na wanne mkono wa kushoto. Nyuma kidogo, upande wa pili wa barabara kama mtu asiyemjua, alikuja Bi Zamda ameshika kamba ya mbwa mmoja mzee, kamba ndefu kupita zote, ameishika kwa ncha ya khanga.

"Bi Zamda, leo umeajiriwa?" mtu alimpigia kelele.

"Nyamaza wewe! Namsindikiza ndugu yangu, simsindikizi mbwa!"

Watu walipiga makofi. Isidori mwenyewe alitoka nje kutazama, akacheka mpaka akafuta machozi. Nilihesabu mbwa wote. Kumi na mmoja. Kibo hakuwemo, na moyo wangu ukafurahi. Sikuwa na furaha nyingine wiki ile.

Jumatatu Safari alimpapasa Kibo shingoni. "Kibati chake kiko wapi?"

"Nimekiweka sandukuni, kisipotee."

Aliniangalia kidogo. "Mvalishe mbwa, Mangi. Sanduku halipigwi risasi."

Nikachukia. Nikamwambia kwamba kuanzia siku hiyo nitamwacha Kibo nyumbani, sitamsumbua tena. Safari alisema hakuna usumbufu. Nikasema hata hivyo. Nikamfunga mnyororo tena, na Bi Mboni akaanza kunitazama tena ukumbini.

Ilipita wiki moja na siku kadhaa. Asubuhi moja, kama saa nne, nilikuwa napima maharage ya mama mmoja wa Ilala, tukasikia mlio upande wa Gerezani. Halafu wa pili.

"Wameanza kupiga mbwa," Isidori alisema, akiendelea kufunga gunia.

Asubuhi ile nilikuwa nimeulegeza mkanda wa ule mnyororo tundu moja, kwa sababu shingo yake ilikuwa imeanza kuchubuka. Nililikumbuka lile tundu. Nikaacha maharage kwenye mizani.

"We Onesphory! Unakwenda wapi? Mama wa watu anasubiri!"

Nilikimbilia nyumbani kwanza. Mlango ulikuwa umesukumwa, mnyororo uko sakafuni na mkanda wake ungali umefungwa. Nikageuka kuelekea Gerezani, maana sikuwa na haja ya kuuliza mtu amekwenda wapi. Kwenye kona ya kwanza palikuwa na mbwa amelala ubavu, mweusi. Kwenye kona ya pili mmoja wa rangi ya chai. Nilimzunguka nikamtazama utosi. Hakuwa na weupe. Nikaendelea, na safari hii nililiita jina, nililiita kwa nguvu zangu zote mtaani, watu wakageuka.

Mbele ya nyumba ya Safari palikuwa pamejaa. Bwana mifugo alikuwepo, Bwana Augustino, yule aliyechanja Jangwani, ameshika daftari, na sanduku la dawa liko miguuni. Kando yake alisimama askari mwenye bunduki. Mlango wa ua ulikuwa wazi kidogo, na katikati ya mlango alisimama Safari, ameijaza nafasi yote. Nyuma ya miguu yake niliona utosi mweupe.

"Ndugu Safari," bwana mifugo alikuwa anasema, "wako nawajua. Kumi na mmoja, wote wana vibati. Huyu wa kumi na mbili hana, na tumemwona akikimbia barabarani."

"Huyu ana mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

"Tumekungoja vya kutosha."

"Huyo hapo!" Bi Zamda alisema kutoka barazani. "Mangi mwenyewe, anahema kama mvukuto wa mhunzi."

Watu walinipisha. Macho yote yale. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ndugu, mbwa huyu ni wako?"

"Wangu."

"Kibati chake?"

Safari alikuwa ananiangalia kwa matumaini. Aliamini lile sanduku. Nililiona hilo na likanichoma.

"Hana," nilisema. "Sikumpeleka."

Safari alishusha macho. Bwana mifugo alipiga kalamu yake kwenye daftari.

"Una ua?"

"Nina chumba. Nyumba ya kupanga."

"Vyumba vingapi?"

"Sita."

"Na watoto wamo?"

"Wamo."

"Sasa nisikilize. Mbwa asiyechanjwa, aliyekuwa anazurura, siwezi kumrudisha kwenye nyumba ya vyumba sita yenye watoto. Akiuma mtu kesho, nitasema nini? Huyu anatakiwa akae ndani ya ua uliofungwa, aangaliwe, asitoke. Mtaa mzima huu ua wa namna hiyo ni huu mmoja. Ndugu Safari akikubali, namchoma sindano hapa hapa, namwandika kwake, nampa kibati. Ikiwa sivyo, kazi ni ya huyu bwana." Alimwonyesha askari kwa kidevu. "Amri si yangu."

"Mimi nakubali," Safari alisema. "Lakini siandikwi mbwa wa mtu na mwenyewe amesimama hapa hajasema."

"Basi mwenyewe aseme."

"Sema basi, Mangi!" Bi Zamda alinihimiza. "Au tukuandikie na wewe kibali cha kusema?"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa namtazama Kibo. Alikuwa ametoa kichwa kati ya miguu ya Safari, ananiangalia, mkia unapiga bati. Nilifikiria ghala la Isidori, lakini ghala lilikuwa wazi kutwa. Nilifikiria kumpakia basi la Moshi, lakini basi lilikuwa limeondoka alfajiri. Kisha nikafikiria jambo moja baya, nami nitaliandika kwa kuwa ni kweli. Nilifikiria kwamba akifa leo, hatakuwa wa Safari.

Fikra hiyo ilikaa kichwani mwangu kwa muda ule askari aliouchukua kuihamisha bunduki kutoka bega moja hadi jingine. Haikukaa zaidi. Lakini ilikaa.

"Mwandike kwa Safari," nilisema.

"Sikusikii, ndugu."

"Mwandike kwa Safari Kitwana! Mbwa ni wake."

Mkono wa bwana mifugo uliandika. Niliusikia wino, au nilidhani nausikia. Askari aliondoka kwenda kona nyingine, na watu wengi wakamfuata, wanaopenda kuona.

Ndani ya ua ilibidi Kibo ashikwe. "Mshike kichwa wewe," Safari aliniambia. "Atatulia kwako." Nilipiga magoti. Sindano iliingia, akatetemeka, akakisukuma kichwa chake kwenye kwapa langu. Safari alikifunga kibati kwenye mkanda mpya wa mpira. Kilikuwa na namba tu. Hakikuwa na jina la mtu yeyote, lilikuwa kwenye daftari peke yake, na daftari lilikwenda zake na bwana mifugo. Mimi ndiye niliyeliona kila mara nilipokitazama.

"Ungeniambia tu, Mangi," Safari alisema tulipobaki wawili. "Siku ile ya Jangwani. Ningemwendea Isidori mwenyewe, nimwombe ruhusa yako."

Najua. Angemwendea, na Isidori angekubali huku akicheka. Hata hilo nililionea wivu.

Isidori alinifokea siku nzima kwa ajili ya yule mama wa Ilala, ambaye mwishoni alijipimia maharage mwenyewe.

Siku za kumwangalia Kibo zilipokwisha, Safari aliniambia nikipata mahali penye ua nije nimchukue, tutakwenda wote kwa bwana mifugo kubadilisha daftari. Alisema kwa moyo mweupe. Sikupata ua. Mtu wa kupima mizani Kariakoo hapati ua. Bi Mboni alisema nyumba yake sasa ina amani, na yule mtoto mchanga akanenepa.

Nilianza kwenda kwa Safari Jumapili baada ya misa. Mwanzo nilikaa tu nje kwenye benchi la wateja. Baadaye Safari alinipa mwiko mkubwa nikoroge pumba, kwa kuwa yeye alikuwa na gurudumu mkononi. Nikajifunza kutoa kupe. Nikajifunza kuwafungia majike wakati wao, ili usipate watoto wanane wa kutafutiwa mahali. Mara mbili nilikuta magunia yametupwa ndani ya ua, na mara moja nilimkuta mtu mwenyewe na gunia mkononi, nikamwambia, mimi, kwa sauti, kwamba mlango upo na agonge kama mtu. Aligonga.

Ua ulikuwa mmoja na mbwa walikuwa wa jiji zima. Safari alikuwa akisema laiti kila mtaa ungekuwa na ua kama huu, na mtu mmoja wa kufokewa na dada yake. Hakuna mtaa mwingine uliokuwa nao. Waliobaki nje walisubiri ile bunduki.

Wivu haukuniisha. Ningesema uliisha, lakini nisingesema kweli. Ulipungua ukali tu. Kila Jumapili jioni nilipoondoka, Kibo aliinuka akanisindikiza. Alitembea nami mpaka kwenye mlango wa mabati, akasimama hapo kama mwenyeji anavyosimama, akatikisa mkia mpaka nimetoka. Kisha aligeuka akarudi ndani. Nilikuwa nikitega sikio nijue kama Safari amemwita. Hakumwita.